Ngoma za wenyewe: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu muziki wa asili wa dunia

Watu wakishajua kwamba unakesha ukisikiliza waimbaji wa Georgia na wapiga valiha, chombo cha nyuzi, wa Madagaska, kwanza hukucheka, halafu huanza kukuuliza maswali. Haya ndiyo ninayoulizwa zaidi. Majibu ni yangu mimi, msikilizaji tu. Sikusomea muziki na sipigi chombo chochote kinachostahili kutajwa.

Muziki wa asili ndio upi hasa?

Sisi waongeaji wa Kiswahili swali hili linatutatiza kidogo kwa sababu ya neno moja: ngoma. Ngoma ni chombo kinachopigwa, ni mchezo wenyewe, na tena ni shughuli nzima, pamoja na pilau na watu waliokuja bila kualikwa. Ukisema "leo kwa jirani kuna ngoma" hakuna anayekuuliza ni chombo gani. Sehemu nyingi za dunia mambo yako hivyohivyo: wimbo hautengani na kazi yake. Kipimo changu basi ni hicho. Muziki wa asili ni ule uliokuwa na kazi ya kufanya kabla haujapandishwa jukwaani, iwe ni kulima, kubembeleza mtoto, kuoza binti, kuzika au kumsifu mtemi. Bugobogobo ya Wasukuma ni ngoma ya jembe. Hata leo ikichezwa ukumbini wachezaji huja na majembe yao.

Na taarab je? Si ilitoka Misri?

Ilitoka huko, ndiyo. Wazee husimulia kwamba Sultani Barghash alipendezwa na muziki wa Cairo, akaupeleka Unguja pamoja na udi na ganuni zake. Lakini mwaka 1905 kikundi cha Nadi Ikhwan Safaa kilishaundwa mjini, na mwaka 1928 Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, alikwenda Bombay kurekodi santuri akiimba kwa Kiswahili. Kitu kilichokaa kwetu zaidi ya miaka 100, kikaoza mabinti zetu na kuwapiga vijembe majirani zetu, nakihesabu kuwa ni cha kwetu. Wapo watakaokataa. Tutabishana barazani.

Mbona madukani na mtandaoni wanauita "muziki wa dunia"?

Jina la rafu hilo. Mwaka 1987 watu wa kampuni ndogo za santuri walikutana katika baa moja London, iitwayo Empress of Russia, wakatafuta neno moja la kuwauzia wateja muziki wote usio wa Kimagharibi. Ndivyo Mgogo wa Dodoma na Mtuva wa Siberia walivyojikuta sanduku moja bila kujuana. Mwaka 2020 hata tuzo za Grammy ziliacha kulitumia. Tumia neno lolote upendalo, ila usilitegemee unapotafuta, maana litakuletea mchanganyiko wa kupigia mahotelini.

Dunia ni kubwa. Nianzie wapi?

Anzia nyumbani, kisha fuata kitu kimoja kinakokwenda. Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote, kwa hiyo nivumilie.

Chukua msondo, ile ngoma ndefu ambayo Unguja inajulikana sana katika unyago. Vuka bahari uende Oman. Huko kuna ngoma iitwayo lewa, wanayoicheza watu wenye asili ya pwani yetu. Zumari inalia, na katikati inasimama ngoma ndefu wanayoiita musundu. Endelea mbele hadi Gujarat, India, kwa Wasidi, kizazi cha Waafrika waliofika huko karne nyingi nyuma, wengine kama askari na mabaharia, wengine kama watumwa. Wana ngoma ndogo wanayoiita musindo, wana upinde wa muziki uitwao malunga, na uchezaji wao wanauita goma. Goma! Mara ya kwanza kusikia neno hilo nilirudisha rekodi nyuma mara tatu. Hapo hujasoma kitabu wala hujalipa nauli, umefuata neno moja tu. (Tahadhari: ukiandika "msondo" peke yake kwenye YouTube utaangukia kwenye bendi ya dansi, Msondo Ngoma, ile iliyoanza mwaka 1964 kama NUTA Jazz. Si hasara, ila utachelewa kufika Oman.)

Au fuata gambusi. Yemen wanaiita qanbus, Komoro gabusi, Malaysia na Indonesia gambus. Wahadhrami walikuwa wakisafiri na Qurani, biashara na chombo hiki kidogo cha nyuzi, na kila bandari ilikipa sauti yake. Sikiliza wa Komoro na wa Malaysia kwa kufuatana, jioni moja.

Njia ya tatu ni kufuata sauti badala ya chombo. Ndani ya kila sauti moja kubwa mna sauti ndogo nyembamba zilizojificha juu yake, zikipangika kama ngazi. Wagogo wamejenga uimbaji wao juu ya ngazi hiyo, na ndiyo sababu nyimbo zao hazifanani na za majirani. Kumsikia Hukwe Zawose, mwanamuziki wa Kigogo, akipiga ilimba (kisanduku chenye vyuma vinavyochezwa kwa vidole gumba) na kupandisha koo lake juu ni kuisikia ngazi hiyo ikipandwa. Sasa nenda Tuva na Mongolia, ambako mwimbaji mmoja hukoroma chini huku akipiga mluzi juu kwa koo hilohilo, wanaita khöömei. Kisha nenda kwa wanawake wa Kixhosa wa Afrika Kusini wenye umngqokolo. Watu hawa hawakufundishana. Kila mmoja aliivumbua ngazi ileile mahali pake.

Ukitafuta, andika jina la chombo au la ngoma kama wenyewe wanavyolitamka, na ujaribu tahajia mbili tatu. Kwa nchi zenye maandishi yao, kama Georgia au Iran, nakili jina hilo kwa maandishi yao kutoka Wikipedia ulibandike kwenye sehemu ya kutafutia. Utashangaa milango inavyofunguka: badala ya video za watalii utapata za harusi zao.

Lugha siielewi. Nitafaidi nini?

Bibi zetu wengi walilia kwa nyimbo za filamu za Kihindi bila kujua neno. Lakini ukitaka zaidi ya kulia, tafuta kujua wimbo unafanya kazi gani. Ukishajua kwamba huu ni wa kuvuta wavu na ule ni wa kumsindikiza bibi harusi, nusu ya tafsiri umeshaipata. Nusu ya pili mara nyingi imeandikwa kwenye kijitabu cha rekodi, ambacho watu hawakifungui.

Ni wapi pa kusikiliza bila kununua kila kitu?

Folkways, kampuni ya santuri, ilianzishwa New York mwaka 1948 na Moses Asch. Mwaka 1987 Taasisi ya Smithsonian iliichukua kwa sharti kwamba hakuna rekodi itakayoondolewa kwenye orodha, hata isiponunuliwa. Sauti kamili hulipiwa, lakini vijitabu vyake hupakuliwa bure, na mimi nimejifunza zaidi kwenye vijitabu kuliko kwenye sauti. Global Jukebox, iliyofunguliwa mwaka 2017 kutokana na kazi ya Alan Lomax, mtafiti wa muziki wa Marekani, ina maelfu ya nyimbo kwenye ramani na hailipishwi. Kwa Afrika yetu kuna ILAM, maktaba ya muziki iliyo Makhanda, Afrika Kusini. Radio Garden nayo hukuwezesha kuzungusha tufe la dunia na kusikia redio za mahali husika zikiwa hewani. Nimewahi kudaka matangazo ya misiba ya kijiji nisichojua hata jina lake.

Usitegemee kiungo kimoja. Maktaba ya Taifa ya Uingereza ilikuwa na hazina kubwa ya sauti mtandaoni, na mwezi Oktoba 2023 wadukuzi waliivamia, zikazimika. Ukipata kinachoruhusiwa kupakuliwa, kipakue.

Kwa nini rekodi za zamani za kwetu ziko Ulaya?

Kwa sababu waliokuwa na mashine ndio waliokuwa na bunduki pia, au walikuja nyuma yao. Hifadhi ya sauti ya Berlin ilianzishwa mwaka 1900. Mwaka 1906, Maji Maji ikiwa bado haijazimika, Mjerumani Karl Weule alizunguka kusini mwa Tanganyika, kwa Wamakonde, Wayao na Wamakua, akiwa na kinasa sauti cha silinda za nta. Silinda hizo zilikwenda Ujerumani. Jumba la makumbusho la Tervuren nchini Ubelgiji lina rekodi nyingi za Kongo, Rwanda na Burundi. Baadaye Hugh Tracey, Mwingereza aliyeanzisha ILAM mwaka 1954, alizunguka na gari na mitambo yake Kenya, Uganda, Tanganyika na Kongo.

Rekodi moja ya Tracey ina kisa chake. Mwaka 1950 huko Kapkatet, kwa Wakipsigis, wasichana walimwimbia kuhusu kiumbe aitwaye Chemirocha, nusu mtu nusu paa. Alikuwa Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani ambaye santuri zake zilikuwa zimefika kijijini. Jina likapita katika ulimi wa Kikipsigis, likatoka hivyo. Wao walikuwa wanagundua muziki wa dunia kabla yetu. Zaidi ya miaka 60 baadaye ILAM na Ketebul Music ya Nairobi walirudisha nakala huko, wakawakuta hai baadhi ya watu waliorekodiwa. Uganda nayo imerudishiwa: rekodi alizofanya Klaus Wachsmann alipokuwa akisimamia jumba la makumbusho la Kampala, sasa nakala zake ziko Makerere.

Ukikuta rekodi ya kijiji chenu kwenye hifadhi ya ng'ambo, waandikie. Taja kijiji, mwaka na jina la aliyerekodi. Baadhi hujibu vizuri na hutuma nakala. Wengine hukutumia fomu.

Rekodi za zamani zinakwaruza mno. Nifanyeje?

Vaa vipokea sauti vya masikioni na uvumilie dakika mbili. Sikio huzoea, kama pua inavyozoea soko la samaki.

Wakiingiza umeme na vipaza sauti, bado ni wa asili?

Konono Na. 1 wa Kinshasa walipiga likembe za jadi, ndugu wa ilimba. Kelele za jiji zilipowazidi wakatengeneza vipaza sauti kwa sumaku za magari mabovu. Sauti ikakwaruza na wakaipenda vilevile. Albamu yao ya mwaka 2004 ilizunguka dunia. Swali hili huulizwa sana na watu wasiokaa Kinshasa.

Naweza kumpelekea rafiki wimbo niliokuta, au kuuweka kwenye ukurasa wangu?

Kumpelekea kiungo rafiki hakuna neno. Kuupakia upya kwa jina lako ni jambo jingine, na hapa ndipo ninapokuwa mkali hadi watu hunikwepa. Wimbo usiutenganishe na majina yake: nani anaimba, kabila au kijiji gani, nani alirekodi, mwaka gani, na ulikuwa wa shughuli gani. Vitu vitano. Kimoja usipokijua, acha nafasi yake wazi, usibuni.

Nitakueleza kwa nini. Katika kisiwa cha Malaita, Visiwa vya Solomon, mama aitwaye Afunakwa alimwimbia mtafiti Hugo Zemp wimbo wa kumbembeleza yatima. Ukatoka kwenye santuri za UNESCO. Mwaka 1992 kikundi cha Ufaransa, Deep Forest, kikaichukua sauti yake kikaiwekea midundo, ikauzwa dunia nzima, katika albamu iliyowafanya watu waamini wanasikia Mbilikimo wa Afrika ya Kati. Mwaka 1996 mpiga saksafoni Jan Garbarek akaupiga tena, akauita wimbo wa Mbilikimo kabisa. Mama wa Pasifiki akawa wa Kongo, kwa kuwa tu jina lake lilidondoka njiani. Pesa nazo zilikwenda kwingine.

Au Solomon Linda, Mzulu aliyerekodi "Mbube" Johannesburg mwaka 1939, akalipwa shilingi chache. Wimbo ukawa maarufu duniani kwa maneno ya Kiingereza, yeye akafa maskini, na mabinti zake walipata mapatano ya malipo mwaka 2006 tu. Huyo alikuwa na jina na mwaka vinavyojulikana, na bado ilichukua miaka yote hiyo. Asiye na jina atadai kwa nani?

Mimi mwenyewe nimekosea. Niliwahi kusambaza kipande cha wanawake wakipiga ngoma nikiandika "Burundi", kwa sababu aliyenitumia aliandika hivyo. Dada mmoja wa Dodoma akanijibu: "Kaka, hiyo ni muheme, na huyo wa pili kushoto ni shangazi yangu." Yaani ngoma ya Wagogo. Nilifuta, nikaandika upya, lakini cha kwanza kilishazunguka na bado hunirudia kutoka kwa watu nisiowajua.

Sheria inasemaje?

Wimbo wa jadi wenyewe mara nyingi hauna mtunzi anayejulikana, lakini *rekodi* yake ina mwenyewe. Hayo ni mambo mawili, na watu huyachanganya. Kenya ilipitisha mwaka 2016 sheria ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za kijamii, inayoipa jamii haki juu ya kilicho chao. Kuhusu hakimiliki, Tanzania Bara iulize ofisi ya COSOTA, Zanzibar COSOZA. Ukitaka kutumia wimbo kwenye tangazo au filamu, usiniulize mimi.

Je, kila wimbo unaruhusiwa kusambazwa?

Hapana. Nyimbo za unyago na jando zina wenyewe na zina wakati wake. Kwamba Bi Kidude alipiga msondo mbele ya kamera hakumaanishi kila somo ameruhusu. Mtu akikuambia "hii usitoe nje", usitoe, hata kama ndiyo nzuri kuliko zote ulizorekodi.

Tena kuna ngoma zenye masharti ya serikali. Ngoma za kifalme za Burundi ziliingia orodha ya urithi ya UNESCO mwaka 2014. Mwaka 2017 amri ya rais ikakataza wanawake kuzipiga, na vikundi vikatakiwa kujiandikisha wizarani. Ndiyo maana kosa langu la muheme liliniuma mara mbili: Ugogoni wapigaji wa muheme ni wanawake, ngoma wanaibana mapajani, na mimi nikaipeleka kwenye nchi inayowakatalia.

Nataka kumrekodi bibi kwa simu. Nifanye vipi?

Omba ruhusa kwanza, na useme utaipeleka wapi. Kisha:

Zima data na milio, maana simu ya mdai itaingia katikati ya ubeti. Tumia programu inayohifadhi WAV, aina ya faili isiyobana sauti, kama nafasi ipo. Dakika moja hula takriban MB 10, wakati MP3 ya kawaida hula MB 1. Simu iweke juu ya khanga iliyokunjwa, si mezani, kwa sababu meza hupokea kila mshindo. Ikiwa kuna ngoma, kaa karibu na mwimbaji na mbali na ngoma. Simu ikipigwa na mshindo mkubwa hujipunguza yenyewe, na sauti ya mtu inazama. Kuku huwezi kuwanyamazisha, waache.

Muhimu kuliko yote: kabla ya wimbo, mwenyewe aseme kwa sauti yake jina lake, mahali na tarehe, na baada ya wimbo umuulize aliujifunza kwa nani. Faili itapoteza jina lake siku moja. Sauti yake haitapotea humo ndani.

Nikituma kwa WhatsApp inasikika kama iko ndani ya mtungi. Kwa nini?

Kwa sababu inabanwa ili bando lisiishe. Tuma kama hati, ile sehemu ya kutuma nyaraka, si kama video wala ujumbe wa sauti.

Niwalipe wanaoniimbia?

Mcheza kwao hutunzwa. Je, anayekuchezea wewe mgeni? Tunza. Kiasi gani, muulize mwenyeji wako faraghani kabla ya kufika. Sukari na khanga bado zinapokelewa sehemu nyingi. Kikundi kilichozoea jukwaa kina bei yake, na ni haki yao.

Nimechoka na simu. Nikasikilize wapi kwa masikio yangu?

Sauti za Busara, Mji Mkongwe, Februari, tangu 2004. Tamasha la Bagamoyo, kwenye chuo cha sanaa, tangu miaka ya 1980. Bujora, kwenye makumbusho ya Wasukuma karibu na Mwanza, wakati wa sherehe ya Bulabo, mwezi Juni, vyama viwili vya wachezaji, Bagika na Bagalu, vinaposhindana kuvuta watazamaji na kila upande una dawa zake. Usisahau harusi ya jirani.

Nina kanda za babu za kaseti. Zimeota ukungu.

Usizitie kwenye redio nzuri. Funika pua, panguza kasha nje, na kama ina skrubu ifungue taratibu. Zungusha utepe kwa kalamu ya Bic hadi mwisho na urudishe, ili usinate. Safisha kichwa cha redio kwa pamba na spiriti. Kisha waya kutoka tundu la vipokea sauti hadi kompyuta, na programu ya Audacity, ambayo ni ya bure. Hifadhi kwa WAV. Andika kila kilichoandikwa kwenye kasha, hata kilichokatwa. Kanda yenyewe usiitupe.

Na sikiliza pande zote mbili. Kanda moja ya kwetu iliandikwa "Taarifa ya habari" upande A na "Tupu" upande B. Upande B una dakika 11 za mchi kinuni na mwanamke anaimba, anakatiza kumgombeza mtoto, anaendelea. Shangazi anasema ni mama yake. Mjomba anasema ni jirani aliyehamia Tanga. Mtoto aliyegombezwa hakutajwa jina.